Sehemu sita ya kumi ya mtu: shajara ya mradi wa ajira, Morogoro

Tuko watatu. Mimi, dada mkalimani wa lugha ya alama, na kijana wa hesabu ambaye ndiye pia dereva wa pikipiki. Ofisi yetu ni chumba kimoja Mji Mpya, nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Mradi ni wa miezi sita, na kwenye mkataba na mfadhili kuna mstari mmoja uliokolezwa wino: watu wenye ulemavu 20 wapate ajira. Naandika kila Ijumaa jioni nikishavua kiatu changu cha chuma, mguu ukiwa umechoka, kwa hiyo penye ukali msomaji anivumilie.

Wiki ya 1

Tangazo tulilipeleka kwa wenyeviti wa mitaa, misikitini, makanisani, na kwa viongozi wa chama cha viziwi na cha wasioona. Tulitarajia watu kumi na tano hivi. Wamejiandikisha 47.

Fomu tuliyorithi kutoka mradi mwingine ilianza na "Aina ya ulemavu", ikafuata "Chanzo cha ulemavu", kisha "Msaada unaohitaji". "Ujuzi" ilikuwa ukurasa wa pili, chini kabisa, imeachiwa nafasi ya neno moja. Siku ya kwanza tuliitumia hivyo hivyo, aibu yetu. Mama mmoja wa Kihonda, ambaye mkono wake wa kushoto umekatwa juu ya kiwiko, alipofika swali la tatu akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya kazi au ya hospitali?"

Usiku nikaiandika upya. Sasa inaanza: Unajua kufanya nini? Nani amewahi kukulipa kwa kazi hiyo? Swali la ulemavu lipo, ila limegeuzwa: Kazini ni kitu gani kitakukwaza, na wewe huwa unakikwepa vipi? Majibu ya swali hilo yamenifundisha zaidi ya semina zote nilizowahi kukaa. Watu walishabuni njia zao zamani, ila hawakuwa wameulizwa.

Kati ya 47, wenye cheti cha ufundi au zaidi ni 19. Bajeti yetu haikulijua hilo. Imejaa mafunzo: ujasiriamali, kalamu, fulana, chai ya saa nne. Nauli ya mtu aliyeanza kazi leo na mshahara wake uko mwisho wa mwezi, haimo.

Wiki ya 2

Tumeanza kubisha hodi kwa waajiri. Nilibeba nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, ile inayosema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Niliingia nayo mkononi kama mgambo. Milango minne ya kwanza, bosi ametoka. Mlango wa tano bosi alikuwepo, akasaini kitabu changu cha wageni, akaniambia atanipigia.

Mlango wa saba ni kampuni ya usambazaji, karibu na Msamvu. Mhasibu wao alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kikokotoo. "Sisi hapa tuko 20 kamili. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6. Sasa kaka, hiyo sehemu sita ya kumi ya mtu naitoa wapi?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana hesabu yake ni sahihi. Ili asilimia 3 itoe mtu mzima, lazima mfike 34. Nikamwachia namba yangu.

Kuanzia Jumatatu sheria inakaa kwenye begi. Swali la kufungulia mazungumzo ni moja: hapa kwenu ni kazi gani inawasumbua kila mwezi?

Wiki ya 3

Maswali ya waajiri ni yale yale. Akiumia je? (Jibu: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haubagui, mchango ni ule ule unaolipa kwa kila mfanyakazi wako.) Tutaongea naye vipi? Choo chetu kina ngazi. Mmoja tu ndiye aliyesema lililo moyoni: "Wateja wangu watadhani nimefungua kituo cha misaada." Nilimshukuru kwa ukweli wake.

Wiki ya 4

Watatu wameanza kazi! Tumenunua soda.

Wa kwanza ni fundi cherehani kiziwi, amechukuliwa na kiwanda cha nguo. Viziwi hupeana majina ya alama, na la kwake ni kidole cha shahada kinachopitishwa juu ya nyusi, kwa sababu ya kovu la utotoni. Humu nitamwita Nyusi. Wa pili ni kijana mwenye ualbino, kidato cha nne, amepata kazi ya kuhesabu malori kwenye ghala la nafaka. Wa tatu ni dada anayetumia kitimwendo, yuko kwenye kufungasha viungo.

Wiki ya 6

Siku mbaya. Nilipita kiwandani bila taarifa. Nyusi nimemkuta stoo, amekaa juu ya boksi, anabandika lebo kwenye makatoni. Mtu huyu ana cheti cha VETA na miaka kumi ya kushona sare za shule nyumbani kwake. Meneja alinipokea kwa tabasamu: "Tumempa kazi nyepesi, kaka. Tumemwonea huruma."

Mkalimani alipomuuliza kazi ikoje, Nyusi alijibu kwa alama moja, kiganja kimekunjuliwa juu kama cha mtu anayepokea. Dada hakunitafsiria. Haikuhitajika.

Niseme na la kwangu. Nikiwa na miaka 23 niliajiriwa kwenye ofisi moja kubwa, nikapewa meza dirishani. Kazi yangu ilikuwa kupanga magazeti ya jana. Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani, nilivalishwa fulana, nikapigwa picha na mkurugenzi. Mshahara ulikuwa unaingia. Miaka miwili nilirudi nyumbani nikiwa sina jambo hata moja la kumsimulia mke wangu kuhusu siku yangu. Kwenye ripoti ya mtu fulani, mimi nilikuwa "amepata ajira".

Wiki ya 7

Nimerudi kiwandani na mkalimani, safari hii tukaomba kuongea na supavaiza wa laini, si meneja. Mama wa makamo, hana maneno mengi. Nikamuuliza ni nini hasa kinachomzuia Nyusi asikae kwenye cherehani. Akasema, "Kengele." Kuna ya kuanza, ya chakula, na ile ndefu ya hatari. "Moto ukitokea, nimuache huyu anashona?"

Hoja nzito, na hakuna aliyeitaja mezani kwa meneja.

Tukaomba kukaa ukumbini saa nzima. Mashine zaidi ya mia zinanguruma kwa pamoja. Nikaona jambo ambalo mkalimani alishaliona kabla yangu, akawa ananisubiri nilifikie: humo ndani hakuna anayemsikia mwenzake. Wanaongea kwa midomo, kwa nyusi, kwa kunyoosha vidole. Anayetaka mkasi anaonyesha vidole viwili vinavyokata hewa. Ukumbi mzima ni wa viziwi mpaka saa ya kutoka, na tulikuwa tumemfungia stoo mtu pekee mwenye lugha kamili ya mikono.

Mwenye duka la umeme, baba mwenye nyumba wetu, ametengeneza taa nyekundu inayowaka pamoja na kengele. Balbu, waya, swichi na ufundi: shilingi 18,000. Imefungwa juu ya laini ya mifuko ya suruali. Majaribio ni wiki mbili.

Wiki ya 8

Tageti ya laini ile ni mifuko 40 kwa saa. Siku ya kwanza Nyusi alishona 22. Siku ya sita, 41. Supavaiza amenipigia simu kunipa namba hizo, akakata bila kuaga. Stoo wametafuta mtu mwingine wa lebo.

Wiki ya 9

Kijana wa ghala ana barua ya onyo: "kuchezea simu muda wa kazi". Nikaenda nimewiva hasira, nikakuta mambo ni mengine kabisa. Macho yake hayaoni mbali, na macho hafifu mara nyingi huandamana na ualbino. Namba za malori alikuwa anazipiga picha kwa simu, anazikuza, ndipo anaandika. Kwenye fomu yetu mpya alilieleza hilo kwa herufi kubwa kabisa. Mimi ndiye sikumfikishia mwajiri.

Kubwa zaidi ni jua. Kusimama uani kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa ngozi ile ni kumkabidhi kwa saratani taratibu. Midomo ilikuwa imepasuka. Losheni ya Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi, alikuwa nayo, lakini losheni haifanyi kazi ya paa. Mimi nilimpeleka pale. Niliona "kazi", nikaona "Jumatatu anaanza", nikasahau kutazama juu.

Bosi wa ghala, tulipomweleza, alishika kichwa. Amemhamishia chumba cha mizani, ndani, penye skrini ya tarakimu kubwa. Barua imechanwa.

Wiki ya 10

Dada wa viungo ameacha kazi. Kazi aliipenda. Bajaji ya kwenda na kurudi ni 3,000 kwa siku, mara siku 26 ni 78,000, na mshahara ni 160,000. Mwezi wa kwanza alilipa kwa mkopo wa kikoba. Mwezi wa pili kikoba kikamtaka. Daladala? Konda anamwona na kitimwendo, anapiga bodi, gari linaondoka.

Jambo la kuudhi ni kwamba kati ya wale 47 wetu tuna madereva watatu wa bajaji, wote wenye ulemavu wa miguu, bajaji zao zina breki ya mkono. Walikuwa wanalalamika hawana wateja wa uhakika. Orodha ilikuwa mezani kwangu wiki kumi.

Wiki ya 11

Bajaji moja, abiria watatu wa mwezi, 45,000 kila mmoja, malipo baada ya mshahara. Dada wa viungo amekubali kurudi. Mwajiri alikuwa hajamweka mtu. Alisema mizani yake ya pilipili manga haijawahi kukaa sawa tangu aondoke.

Wiki hii pia dada asiyeona ameanza mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Hili nilidhani litakuwa gumu, likawa rahisi. Kompyuta yao imewekwa NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona. Ni ya bure. Ina sauti ya Kiswahili, ingawa inasoma kama padri mgeni kwenye misa yake ya kwanza. Dada ameiongeza kasi mpaka sisi wengine tunasikia nyuki tu. Daftari la wageni limehamia kwenye kompyuta, na wahudumu wenzake wamefurahi, kwa sababu mwandiko wa zamu ya usiku ulikuwa hausomeki hata kwa wanaoona.

Mwenye nyumba aliogopa fedha. Dada akamwambia, "Mzee, mgeni akilipa kwa simu, simu yangu inanisomea ujumbe sikioni. Wewe hao wenye macho wameshaonyeshwa ujumbe wa kughushi mara ngapi?" Mzee akanyamaza muda mrefu kidogo.

Wiki ya 13

Ripoti ya nusu mradi. Mfadhili kwenye simu: "Mmefika 11 kati ya 20, hongereni." Nikasema tuko 8. Akasema kwenye jedwali ameona 11. Nikasema walioajiriwa ni 11, waliopo kazini leo ni 8. Akasema kiashiria kinasema "waliopata ajira". Nikamwomba tuongeze safu mbili: aliyepo kazini baada ya siku 90, na je, anafanya kazi anayoijua au kazi ya kuonewa huruma. Ya pili akauliza itapimwaje. Nikamjibu: tutamuuliza mwenyewe.

Safu ya kwanza imekubaliwa. Ya pili "itajadiliwa". Tumeianzisha kwenye daftari letu, haihitaji kibali.

Kijana wa hesabu ameniambia, kwa adabu zake zote, "Bro, ukiendelea hivi hatufiki 20." Ana haki. Mkataba wake na wangu unaisha siku moja.

Wiki ya 15

Kijana mwenye ulemavu wa akili, miaka 21, kwenye tanuri la mikate. Mama yake alikuja ofisini mara tatu kabla ya kukubali. Mara ya pili aliniuliza, "Akipotea, utanirudishia wewe?" Sikuwa na jibu la maana. Tulitembea naye njia yote, nyumbani mpaka tanuri, siku nne mfululizo. Siku ya nne mama alibaki nyuma kwa makusudi, hatua mia moja hivi, kajifunika kanga, akidhani hatumwoni.

Kazini hatukufanya mafunzo kwanza. Aliingia kazini, akafundishwa pale pale. Mkalimani wetu, ambaye mkono wake una kipaji cha kuchora, alichora hatua tisa: nawa, vaa aproni, paka trei mafuta, panga madonge sita kwa sita, na kuendelea. Siku nne akawa amezishika. Wiki ya pili mwokaji akabadilisha utaratibu asubuhi moja, trei zikatangulia kabla ya aproni, na kijana akasimama. Alisimama saa nzima. Wenzake wakadhani amegoma.

Suluhisho sikulitoa mimi. Mwokaji mwenyewe alizibandua zile picha, akazitoboa, akazitundika kwenye misumari. Sasa kila alfajiri anazipanga upya kulingana na oda, na kijana anasoma ukuta. Juzi nimekuta vibarua wengine wawili nao wanausoma.

Wiki ya 18

Dada mhasibu. Shahada ya uhasibu kutoka Mzumbe, anatumia kitimwendo, ana miaka mitatu ya kutuma maombi. Ameitwa usaili. Tumefika: ghorofa ya pili, hakuna lifti. Walinzi wawili wakakunja mikono ya mashati. "Twende dada, tutakubeba." Aliwaambia, "Mimi si gunia la mahindi, kaka zangu. Asanteni."

Akaomba jopo lishuke. Alishuka mmoja kati ya watatu. Usaili ulifanyika kwenye maegesho, chini ya mwembe, dakika kumi, huku gari likitafuta nafasi ya kugeuza nyuma yetu. Alijibu vizuri, nilikuwa nasikia. Hawajapiga simu.

Njiani sikuwa na la kusema, yeye akawa ananiliwaza mimi. Aliniuliza kama ile kampuni ina wafanyakazi wangapi. Nikasema kama 60. Akakokotoa kichwani: "1.8. Basi huyo mmoja wanaye tayari, ndiyo maana hawana haraka."

Wiki ya 19 na 20

Malaria. Kijana wa hesabu ameshika usukani, ameandika mistari miwili tu: "Wawili wapya, saluni na karakana ya pikipiki. Mmoja ameacha, sababu: familia."

Hiyo "familia" nimeifuatilia. Kaka wa dada yule anachukua mshahara wote mwezi ukiisha, kwa madai kwamba miaka yote yeye ndiye amemlisha. Dada akaona heri kukaa. Tumempeleka kwa ofisa ustawi wa jamii. Sina uhakika kama tulitakiwa kuanza na ofisa au na kaka.

Wiki ya 21

Taa ya Nyusi iliungua Jumanne. Tumeijua leo Ijumaa, kwa bahati, mkalimani alipopita. Siku tatu hizo binti wa cherehani jirani alikuwa anamgusa bega kila kengele inapolia. Binti huyu ndiye aliyeshika alama haraka kuliko wote. Darasa letu la alama la mchana lilianza na watu kumi, wakabaki wanne, lakini yeye hakukosa hata siku moja. Anasema ni lugha nzuri ya kumsema supavaiza akiwa amesimama pale pale.

Balbu mpya imefungwa. Nimeacha na ya akiba. Nyusi sasa amehamia kuunga zipu, laini inayolipa zaidi, na ana ugomvi wa haki kabisa na mkata vitambaa kuhusu pindo. Mkalimani aliitwa kusuluhisha, akakuta wanagombana vizuri tu bila yeye.

Wiki ya 24

Ripoti ya mwisho imeondoka saa kumi. Walioajiriwa 17. Walioacha 5. Waliopo 12, na waliovuka siku 90 ni 7. Kwenye daftari letu, safu ya pili: kati ya 12, tisa wamesema kazi wanayofanya ni yao, wawili wamesema "inapita", na mmoja, kijana wa karakana, amesema nimuulize mwezi ujao. Hatukufika 20. Mfadhili ameongeza miezi mitatu, mshahara nusu. Kijana wa hesabu amekubali kubaki, lakini pikipiki anataka iwe na bima kubwa.

Jana mchana simu iliita, namba siijui. Sauti niliitambua kwa kicheko. Ni yule mhasibu wa kampuni ya usambazaji, wa mlango wa saba. Anaacha kazi, anahamia Dodoma, na bosi wake amemwagiza atafute wa kumrithi. Nikamuuliza siku hizi wako wangapi. Wamefungua ghala jipya karibu na stesheni ya reli mpya, wamefika 34. Nikasikia kikokotoo kikibonyezwa.

"1.02," akasema.

Nikamuuliza ofisi yake iko ghorofa ya ngapi. Iko chini, mlango unatazama barabara, kizingiti ni kidogo cha kuzibwa na ubao. Jumatatu saa tatu asubuhi naenda na dada wa Mzumbe. Bajaji nimeshaiagiza, na ubao baba mwenye nyumba anaukata kesho.